Mfupa Kiganjani Kabla ya Kisu

Kaptembwo, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, watu wengi husafiri kwa bodaboda. Pikipiki hizo zilifurika nchini baada ya serikali kupunguza kodi ya pikipiki ndogo mwishoni mwa muongo wa 2000, na tangu hapo wadi za mifupa za Kenya hazijapumua. Anayevunjika muundi au paja hukimbizwa hospitali kuu ya kaunti, ile ambayo wenyeji bado huiita PGH. Swali linalomkabili daktari huko ni la kale kuliko hospitali yenyewe: mfupa umefichwa na nyama, utajuaje ulivyovunjika?

Mafundi wa mifupa wa Bonde la Ufa walilijibu kwa vidole. Fundi alipapasa, akavuta, akaangalia mgonjwa anaguta wapi, kisha akafunga vijiti. Wapo hadi leo. Mvunjiko mwepesi wanaweza kuuunga vizuri, lakini kamba zikikazwa mno damu haipiti, na mguu huoza.

Eksirei, aliyoigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895, ilimpa daktari macho. Hata hivyo, kwa miongo mingi kuuona mfupa hakukufupisha mateso. Aliyevunjika paja alilazwa chali, mguu ukivutwa kwa vyuma vya uzito, wiki sita na zaidi. Msimu wa kupanda ulimpita akiwa kitandani, na kodi ya nyumba ikalimbikizana.

Mjerumani Gerhard Küntscher alikuwa ameanza kupitisha chuma kirefu ndani ya uboho wa paja tangu mwaka 1939, lakini vyuma vya kisasa vya namna hiyo kwa kawaida vilihitaji mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, ili daktari aone tundu la skrubu liko wapi. Hospitali nyingi za kwetu hazikuwa nayo. Lewis Zirkle, daktari Mmarekani aliyewahi kupasua majeruhi wa vita vya Vietnam, alianzisha shirika la SIGN mwaka 1999 kutatua jambo hilo hasa. Chuma chake huja na mkono wa kulengea unaofungwa nje ya mguu. Daktari hufuata mkono huo na skrubu hupata tundu lake bila mashine. Hospitali hutuma picha ya kila mgonjwa aliyepasuliwa, kisha hupelekewa vyuma vingine bure. Tenwek kule Bomet na Kijabe ukingoni mwa bonde zimevitumia sana. Kwangu mimi, hakuna uvumbuzi uliowafaa waendesha bodaboda kuliko huu, kwa sababu ulibuniwa kwa kuanzia na kile ambacho hospitali haina.

Nyonga haikubali chuma kilichonyooka. Mfupa wake umejipinda kila upande, na kikipasuka kikombe kinachoshika kichwa cha paja, daktari hulazimika kukunja bamba la chuma huku mgonjwa amefunguliwa: analijaribu, analitoa, analikunja tena, na damu inatoka. Hapa ndipo printa ya pande tatu inapoingia. Mashine ya CT, iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, huukata mwili kwa picha nyembamba kama slesi za mkate. Programu ya kompyuta huzipanga upya ziwe umbo moja ambalo printa inaweza kulichapisha. Chuck Hull wa Marekani alipata hataza ya printa yake mwaka 1986. Hataza nyingine muhimu ilipokwisha mwaka 2009, bei ya printa ndogo ikaporomoka.

Printa hiyo ndogo huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka, usiku kucha, hadi nyonga ya mgonjwa huyohuyo ikae mezani. Ikiwa upande mmoja umesagika, kompyuta huugeuza ule mzima kama kwenye kioo na kuchapisha umbo lililopaswa kuwapo. Daktari hulikunja bamba juu ya plastiki hiyo siku moja kabla, akiwa ametulia. Bamba ndilo linaloingia kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu. Plastiki ya kawaida ingelainika humo. Tafiti za mivunjiko ya nyonga zimeonyesha kuwa njia hii hupunguza muda wa upasuaji na damu inayopotea.

Afrika Mashariki teknolojia hii si ngeni. Hospitali ya CoRSU, Uganda, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Toronto kuchapisha vikombe vya miguu ya bandia. Jijini Nairobi, Roy Ombatti alianza kwa kubuni viatu vya watu walioharibiwa nyayo na funza, kisha kampuni yake ya AB3D ikaunda printa kwa kutumia vipuri vya vifaa vya kielektroniki vilivyotupwa.

Printa, basi, inapatikana. Kazi ngumu ni ya mtu anayeketi saa kadhaa mbele ya kompyuta akitenganisha mfupa na nyama, picha baada ya picha. Mpiga eksirei aliyefunzwa anaweza kuifanya, papa hapa Nakuru, na kaunti ikitaka kuanza, ianze kwa kumlipa huyo.