Tundu Ubavuni

Asubuhi ile nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu saa mbili za usiku. Niliambiwa nije na tumbo tupu, waingize kamera waone hiyo alsa inayonisumbua imekaa wapi. Nje ya geti la hospitali kulikuwa na mama wa chapati, na nyinyi mnaijua harufu ya chapati ya kwanza ikigeuzwa kwenye pani. Mate yakanijaa mdomoni. Halafu, kabla sijapita hata meza ya askari, tumbo likaanza kuwaka moto. Sikuwa nimekula. Nilikuwa nimenusa tu.

Ndani walinipulizia dawa kooni, koo likafa ganzi. "Lala kwa upande wa kushoto, mama," sista akaniambia, "pumua na pua." Mrija ukashuka. Kwenye skrini nikaona tumbo langu mwenyewe: rangi ya waridi, linang'aa, mikunjo kama blanketi lililoloa. Ndipo mlango ukafunguliwa, wakaingia vijana watano au sita wenye makoti meupe, na daktari akaanza kuwafundisha. Huyu hapa ana wekundu. Huyu hapa, sogeeni muone. Hakuna aliyeniuliza. Hata wangeniuliza, ningejibu na nini na mrija uko kooni? Nililala pale udenda ukinitiririka shavuni, wageni wakichungulia mahali ambapo mume wangu, na miaka yote hii ya ndoa, hajawahi kupaona.

Siku hiyo sikukasirika. Hasira zilikuja baadaye, nyumbani, na zilipokuja zikanisukuma kusoma. Nilitaka kujua ni nani waliochunguliwa tumbo kabla yangu, na kama wao waliulizwa.

Wa kwanza niliyekutana naye anaitwa Alexis St. Martin. Kisiwa cha Mackinac kiko Michigan, Marekani, pale Ziwa Huron na Ziwa Michigan yanapokutana, na wakati huo kilikuwa kituo cha biashara ya ngozi na manyoya. Tarehe 6 Juni 1822, ndani ya duka la American Fur Company, bunduki ya mtu ilifyatuka kwa bahati mbaya. Risasi zikampata ubavuni kijana Mkanada aliyekuwa kibarua wa kusafirisha mizigo kwa mitumbwi. Alikuwa karibu kabisa na mdomo wa bunduki. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alipofika alikuta kipande cha pafu na kipande cha tumbo vimechomoza nje, na chakula cha asubuhi kinatokea tunduni. Alijua huyu hafiki mbali.

Alexis akapona. Tundu ndilo lililokataa kuziba. Kingo za tumbo zilishikana na kingo za jeraha la nje, ikabaki njia ya moja kwa moja. Baadaye utando wa ndani ukajikunja ukawa kama kifuniko: ukikisukuma kwa kidole, unaona kila kitu. Wakubwa wa pale walipochoka kumtunza maskini huyu kwa pesa za umma na kutaka kumrudisha kwao, Beaumont alimchukua nyumbani kwake. Wema? Ndiyo, nadhani ulikuwa wema, ila haukubaki wema mtupu. Alexis alipasua kuni, akafanya kazi za nyumbani, na kuanzia 1825 akawa pia maabara.

Tarehe 1 Agosti mwaka huo, saa sita mchana, Beaumont alifunga kwenye uzi wa hariri vipande vya nyama ya ng'ombe ya aina kadhaa, mbichi na zilizopikwa, nguruwe ya chumvi, mkate mkavu na kabichi mbichi, akavitumbukiza tunduni. Saa saba akauvuta uzi. Mkate na kabichi zilikuwa zimeyeyuka kama nusu, nyama bado. Akavirudisha. Saa nane mkate, kabichi, nguruwe na nyama ya kuchemsha vilikuwa vimekwisha kabisa kwenye uzi. Alexis akalalamika kwamba tumbo linamsumbua na kichwa kinamuuma. Hilo nalo likaandikwa.

Lazima niwe mkweli: kitabu alichokitoa Beaumont mwaka 1833 ni kazi ya ajabu. Wakati ule wasomi walikuwa bado wanabishana kama tumbo linasaga chakula, linakichachua au linakiozesha. Yeye alionyesha kwamba ni maji yenye asidi, na kwamba ukiyatia kwenye chupa ukayapasha joto la mwili, yanaendelea kuyeyusha nyama humo chupani. Akaonyesha jambo jingine ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: maji hayo hayakai tumboni yakisubiri. Aligusa ukuta wa tumbo tupu la Alexis kwa ulimi wake (jameni, kwa ulimi!) na hakuonja uchachu wowote. Chakula kikiingia, matone yanajitokeza kama jasho. Kwa hiyo kuna kitu kinachoamua lini bomba lifunguliwe.

Aliandika pia kwamba Alexis akiwa na hasira, tumbo linabadilika. Hasira hiyo ilitoka wapi, mimi nakisia tu.

Alexis alitoroka kurudi Kanada mwaka huohuo wa 1825. Akaoa, akapata watoto. Shida zikamrudisha kwa daktari mwaka 1829, safari hii na familia yake. Akaondoka tena 1831. Mwaka 1832 waliandikiana mkataba: dola 150 kwa mwaka, chakula na malazi, naye akubali majaribio. Mwaka 1834 akaenda na hakurudi. Beaumont aliandika barua za kumwita kwa miaka mingi, mpaka akafa mwaka 1853.

Lakini Beaumont hakuwa na jibu la chapati yangu. Yeye aliona chakula kinagusa ukuta na maji yanatoka. Mimi sikugusa kitu.

Jibu hilo lilitoka St. Petersburg, kwa Ivan Pavlov, yule wa mbwa na mate tunayemsikia darasani. Wengi hawajui kwamba Tuzo ya Nobel ya 1904 alipewa kwa sababu ya mmeng'enyo wa chakula. Pavlov na wenzake walikata umio la mbwa na kulifungulia shingoni, kisha wakaweka mrija tumboni. Mbwa anakula kwa hamu, nyama inadondoka kutoka shingoni bila kufika popote, na bado tumbo linamwaga maji yake kwenye mrija. Ukikata neva ya vagasi, ile inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni, maji yanakoma. Macho, pua na ulimi vinaambia ubongo, ubongo unalipigia tumbo simu. Ndiyo maana niliungua pale getini. Maji hayo ya mbwa, Pavlov aliyauza kama dawa kwa watu wenye shida ya tumbo, na yalimsaidia kuendesha maabara. Watu waliyanywa. Sijui niseme nini hapo.

Pavlov aliamini kwamba karibu kila kitu tumboni kinaendeshwa kwa simu hiyo ya neva. Mashemeji wawili wa London ndio waliomkatia waya.

William Bayliss alikuwa amemwoa dada yake Ernest Starling. Walifanya kazi pamoja University College. Ilijulikana tayari kwamba asidi ya tumbo ikishukia mwanzo wa utumbo mwembamba, kongosho huanza kutoa majimaji. Nani hulipasha habari? Tarehe 16 Januari 1902 walimchukua mbwa aliyelazwa kwa dawa, wakafunga kipande cha utumbo wake, wakakata neva zake zote mpaka kikabaki kimeunganishwa na mwili kwa mishipa ya damu tu. Wakatia asidi humo. Kama habari husafiri kwa neva, kongosho lingenyamaza. Kongosho likadondosha. Starling akaona hapohapo maana yake: akakwangua utando wa utumbo, akausaga na mchanga na asidi, akauchuja, wakadunga maji yale kwenye mshipa wa shingoni. Baada ya kitambo kidogo matone yakaanza tena.

Mjumbe alikuwa ndani ya damu. Wakamwita sekretini.

Waliokua na redio ya zamani wanakumbuka matangazo ya vifo, yale ya kutaka habari imfikie fulani wa fulani popote alipo. Nchi nzima inasikia, lakini anayefunga mzigo kwenda nyumbani ni mmoja. Homoni ni tangazo la namna hiyo. Sekretini inazunguka na damu hadi vidoleni, na vidole havina habari nayo. Kongosho ndilo linaloinuka. Kinachotoka ni majimaji ya jamii moja na magadi tunayotia kwenye maharagwe, na hayo yanaua makali ya asidi. Asidi ikiisha makali, utumbo unaacha kutangaza. Hakuna mzee wa kusema sasa basi. Kazi yenyewe ikikamilika ndiyo inayofunga mdomo wa mtangazaji. Nimeisoma sehemu hii mara nyingi na bado inanifurahisha. Neno lenyewe, homoni, Starling alilitumia kwenye mihadhara yake ya 1905, kutoka kitenzi cha Kigiriki cha kuamsha, kuchochea.

Habari ilipofika Urusi, Pavlov aliagiza jaribio lirudiwe mbele yake. Mwanafunzi wake Boris Babkin alisimulia kwamba mzee alitazama, akaingia ofisini bila neno, akarudi baada ya muda na kukiri kwamba wale wa London wako sahihi, na kwamba ukweli si mali ya maabara yake peke yake. Kukubali namna hiyo si mchezo.

Ila wale mashemeji nao walikuwa na deni. Desemba 1902 Starling alimpasua mbwa mdogo wa kahawia kwa utafiti wa kongosho. Februari 1903, mbwa yuleyule akaletwa mezani mbele ya wanafunzi kama sitini, Bayliss awaonyeshe jambo kuhusu tezi za mate. Kati ya waliokaa pale walikuwepo wanawake wawili kutoka Swideni, Lizzy Lind af Hageby na Leisa Schartau, wapinzani wa upasuaji wa wanyama hai. Wakaandika kwamba mbwa hakuwa amelala sawasawa, na kwamba sheria inakataza mnyama mmoja kutumiwa mara mbili. Mwanasheria Stephen Coleridge alipoyasema hadharani, Bayliss akamshtaki, akashinda, akalipwa pauni 2,000. Mwaka 1906 sanamu ya mbwa ikasimamishwa Battersea, London. Wanafunzi wa udaktari wakafanya fujo mitaani kwa sababu yake. Machi 1910 ikaondolewa usiku, chini ya ulinzi wa polisi.

Mahakama ilisema Bayliss yuko safi, na huenda mbwa kweli alikuwa amelala. Mimi navutiwa zaidi na kile chumba. Watu sitini wanaangalia mahali pamoja, na wawili tu ndio wanaomwangalia mbwa.

Homoni nyingine zilifuata. John Edkins alisema mwaka 1905 kwamba tumbo lenyewe hutuma mjumbe wa kudai asidi, gastrini. Wenzake wakamtilia shaka miaka mingi. Alikuwa ameshakufa Gregory na Tracy wa Liverpool walipoisafisha gastrini mwaka 1964 na mjadala ukaisha. Kuna na ya breki, somatostatini, inayoiambia gastrini itulie. Hapo ndipo hadithi inaporudi kwangu, maana majibu yangu yalisema nina bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Huyu mdudu akikaa sehemu ya chini ya tumbo hulegeza breki ile, gastrini inapanda, asidi inamwagika kupita kiasi. Miaka kumi nimeambiwa acha mawazo, acha pilipili. Mawazo hufika tumboni, Pavlov alishaonyesha njia. Lakini yangu ilikuwa ya kutibika kwa vidonge vya wiki mbili.

Barry Marshall wa Australia, aliyemtetea Robin Warren kuhusu bakteria huyu wakati madaktari wengi wanabisha, alimnywa mwenyewe mwaka 1984 na ndani ya siku chache akawa anatapika. Na mrija ule laini wa kamera? Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa Michigan, jimbo lilelile la Alexis, alipoutengeneza na wenzake. Mwaka 1957, kabla ya kumwingizia mgonjwa, aliumeza yeye. Nilipolisoma hilo niliinua macho kutoka kwenye kitabu.

Faili langu lina picha ya tumbo langu, ya rangi. Niliomba nakala nikapewa, na sista hakuelewa naitakia nini. Iko kwenye droo, pamoja na vyeti vya watoto.

Alexis aliishi miaka 27 baada ya kifo cha Beaumont. Alipofariki mwaka 1880, kijijini Quebec, madaktari walilitaka tumbo lake; William Osler, mmoja wa wakubwa wa udaktari wa zama zile, alitaka liwekwe kwenye jumba la makumbusho la jeshi huko Washington. Familia ikakataa. Waliuacha mwili nyumbani siku kadhaa, kwenye joto la kiangazi, mpaka ukaharibika kiasi cha kutofaa kwa mtu yeyote mwenye kisu. Siku ya mazishi jeneza liliachwa nje ya kanisa kwa sababu ya harufu, watu wakaswali ndani bila yeye. Kaburi wakalichimba futi nane.