Maaskari kushuka na kamba kutoka elikopta: ni kitu gani, na raia afanye nini?

Elikopta inasimama hewani bila kutua. Kamba inaangushwa. Askari mmoja anatoka, kisha wa pili, na kisha muda mfupi wote wako chini. Kwetu huku Mashariki, mtu akiona vile anasema mara moja: vita imefika. Lakini inaweza kuwa mazoezi tu.

Jina lilitoka wapi?
Kwa Kifaransa wanaita "rappel", ni kusema kuita kitu kirudi. Anayetajwa kwanza ni Jean Charlet, mwongozaji wa milima wa Chamonix, Ufaransa, kwenye miaka ya 1870. Alipitisha kamba nyuma ya jiwe, akashuka na pande zote mbili, kisha akavuta upande mmoja na kamba ikamrudilia. Majeshi yalichukua ile akili.

Juu ya nini huku kwetu?
Toka misitu ya Ituri mpaka Walikale, kuna pahali pengi elikopta haiwezi kutua: miti mirefu, matope, mabonde. Hapo kamba ndiyo barabara. Inapeleka maaskari, na inaweza pia kusaidia kufikia mtu aliyeumia.

Namna gani inafanyika?
Kuna njia mbili. Ya kwanza, askari anavaa mkanda wa kiuno na mapaja. Kamba inapita ndani ya chuma chenye umbo la 8. Mkono wa juu unaongoza, mkono wa chini ndio freni. Ya pili ni kamba nene bila mkanda: anaikamata na mikono yenye glovu nzito, na miguu. Inaenda mbio, lakini akiachilia, hakuna kitu cha kumshika.

Mafunzo yanaanza chini, kwa kujua mafundo. Kisha ukuta ao mnara. Elikopta inakuja mwisho. Mbele ya kushuka, mwalimu anakagua mkanda na kamba. Kamba yenye nyuzi zilizokatika inatupwa. Kwa njia ya kwanza, mwenzake anashika kamba chini: mtu akiteleza, anaivuta kwa nguvu na yule anasimama. Basi haya si mambo ya kuonyesha ushujaa. Askari mwenye hajazoea anaweza kuumia, na kuchelewesha wenzake pahali raia wanangoja msaada.

Wewe mkaaji, fanya nini?
Bakia mbali: upepo wa elikopta unarusha mchanga, mawe, hata mabati. Ondoa watoto na mifugo. Usikimbilie kupiga picha. Uliza shefu wa kartie mbele ya kutuma sauti kwenye WhatsApp. Kisha mazoezi, usiokote kitu chochote cha chuma kilichobakia.

Na kwa wakubwa wa jeshi: tangazo moja redioni mbele ya mazoezi linaweza kuzuia kijiji kizima kulala porini.