Hukumu Iliyotangulia Ushahidi

Mwaka 1974 wafugaji wa Kimasai waliokuwa wakiishi ndani ya Kreta ya Ngorongoro waliondolewa. Mwaka uliofuata kilimo nacho kikapigwa marufuku katika hifadhi nzima, hata kijishamba cha mahindi. Kosa lao? Ilisemwa kwamba ng'ombe wao wanaimaliza ardhi. Maneno hayo yalianza enzi za mkoloni, wala waliyoyaeneza hawakuwa walevi wa kilabuni. Walikuwa maofisa na wataalamu! Basi mfugaji akawa anauza mifugo anunue mahindi ya Karatu. Watafiti Homewood na Rodgers walipochapisha kitabu chao mwaka 1991, hawakuona ushahidi wa kutosha wa madai hayo. Waliotolewa kretani walikuwa na miaka 17 nje. Marufuku ya kilimo ililegezwa mwaka 1992. Mwaka 2009 ikarudishwa.