Wong

Wong ni jina la ukoo. Kwa Kikantoni hutamkwa hivyo kwa koo mbili tofauti, ambazo Kimandarini huziita Huang na Wang. Mwaka 2002 kampuni ya mavazi ya Marekani, Abercrombie & Fitch, ililichapa jina hilo kwenye fulana zenye picha za madobi wa Kichina, kofia zimechongoka na macho yamechorwa kama mistari. Mzaha wenyewe ulichezea methali ya Kiingereza kuhusu makosa mawili: neno la Kiingereza la "kosa" likinyimwa r yake, husikika Wong. Wanafunzi wenye asili ya Asia waliandamana, na fulana zikaondolewa madukani.

Uonevu huo, wa kudai kwamba Waasia wote hushindwa kutamka r au kuitofautisha na l, ulijengwa juu ya ujinga pia. Kijapani kina sauti moja iliyo jirani na r na l. Kikorea hutamka herufi ileile kama r kati ya irabu na kama l mwishoni mwa silabi. Kimandarini kina zote mbili. Kuwavika wote ulimi mmoja ni kukataa kuwasikiliza. (Kikuyu nacho hakina l, na Wakenya wanajua dhihaka inayofuata.)

La udobi linaniuma zaidi. Wachina wa Marekani waliingia kazi hiyo kwa sababu nyingine nyingi walifungiwa. Huko San Francisco hata vibali vya udobi walinyimwa, mpaka Mahakama ya Juu ilipowapa haki mwaka 1886, katika kesi ya Yick Wo.