Mwalimu Naye Hufundishwa: Historia ya Mafunzo ya Walimu na Kazi ya Kusoma katika Mbulu na Hanang

Utangulizi

Kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja hueleza kwa kawaida habari za makanisa yaliyojengwa, nyumba za wachungaji, zahanati na kengele. Sura hii inahusu kazi ambayo haina jengo la kuwaonyesha wageni. Ni kazi ya kumwandaa mwalimu ili aweze kumfundisha mtoto kusoma, na zaidi ya hapo, kuelewa anachokisoma. Katika wilaya za Mbulu na Hanang kazi hiyo imekuwa nzito kuliko katika sehemu nyingi za nchi yetu. Hatuwezi kuieleza historia yake bila kuanza na lugha.

Lugha ya nyumbani na lugha ya kitabu

Eneo letu pamoja na majirani zake ni miongoni mwa sehemu chache sana barani Afrika ambako jamii nne za lugha hukutana. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wadatoga, wakiwamo Wabarbaig wa Hanang, husema lugha ya Kiniloti. Wanyiramba na Wanyisanzu walio upande wa magharibi husema lugha za Kibantu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha yao yenye vidoko.

Mtoto wa Kisambaa au wa Kizaramo aingiapo darasa la kwanza hukuta Kiswahili kina undugu na lugha ya mama yake. Mtoto wa Kiiraqw hana undugu huo. Lugha yake haina ngeli za ki-vi na m-wa; hugawa majina kwa jinsi ya kiume, ya kike na ile isiyo ya kiume wala ya kike. Kitenzi chake mara nyingi hukaa mwishoni mwa sentensi. Silabi zake huweza kufungwa kwa konsonanti, ilhali silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Kwa hiyo yawezekana mtoto akatamka kila silabi ya ukurasa bila kosa, na mwalimu akaridhika, kumbe maana haikumfikia hata kidogo. Hapo ndipo penye kiini cha habari yote inayofuata.

Mwinjilisti na shule ya kijijini

Katika maeneo mengi ya kazi ya Kilutheri kaskazini mwa Tanganyika, mwalimu wa kwanza wa kusoma alikuwa mwinjilisti. Mafundisho ya ubatizo na ya kipaimara yalihitaji Katekisimo na kitabu cha nyimbo, na mara nyingi anayejiandaa alitakiwa ajue kusoma. Mwinjilisti huyo alikuwa na faida moja kubwa, kwa kuwa alikaa kijijini na watu wake. Alisoma neno kwa Kiswahili, akalieleza kwa lugha ya nyumbani, kisha akarudi kwenye Kiswahili. Upungufu wake ni kwamba wengi walikuwa na elimu ndogo na hawakupata mafunzo ya ualimu.

Serikali ya Kiingereza iliona upungufu huo. Baada ya mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925, na sheria ya elimu ya mwaka 1927, misaada ya fedha ilielekezwa kwa shule zilizoandikishwa zenye walimu waliofuzu. Shule za vichakani ziliendelea bila msaada. Tangu wakati huo makanisa yalijua kwamba shule isiyo na mwalimu aliyesomea kazi yake haitasimama. Chuo cha Ualimu Marangu, kilichoanzishwa na Misheni ya Leipzig wakati wa Wajerumani, kikawa tegemeo la Walutheri wa kaskazini.

Tukumbuke pia gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu mwaka 1923. Kwa mwalimu aliyekaa mbali na mji, gazeti la namna hii lilikuwa mafunzo kazini kabla neno hilo halijajulikana. Kwa kulisoma aliendelea kukikuza Kiswahili chake mwenyewe.

Shule za kati

Katika miaka ya 1950 elimu ya Waafrika ilipangwa kwa hatua za miaka minne minne: shule ya msingi darasa la kwanza hadi la nne, shule ya kati darasa la tano hadi la nane, kisha sekondari. Mtihani wa darasa la nne uliwaacha nje watoto wengi. Walioingia shule ya kati walifundishwa kilimo na kazi za mikono pamoja na masomo ya kawaida, na katika madarasa ya juu Kiingereza kilichukua nafasi ya Kiswahili kama lugha ya kufundishia.

Walimu nao walipangwa kwa madaraja. Mwalimu wa Daraja la Pili alisoma miaka minane na kufanya ualimu miaka miwili, naye alifundisha madarasa ya chini. Madarasa ya shule ya kati yalikusudiwa mwalimu wa Daraja la Kwanza, aliyekuwa na elimu ya sekondari. Mpango huu ulikuwa na busara, maana ulikubali kwamba kusoma katika darasa la sita ni kazi nyingine kuliko kusoma katika darasa la kwanza. Mwanafunzi wa Mbulu aliyefika huko alikuwa tayari katika lugha yake ya tatu, na mwalimu wake alihitaji ujuzi wa kumvusha.

Mahitaji hayakuwa ya darasani tu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa na Misheni ya Kilutheri ya Norway mwaka 1955, ilihitaji vijana wanaoweza kusoma maagizo ya daktari na kuandika kumbukumbu za mgonjwa bila kukosea. Kwa kazi ya namna hiyo, kutamka maneno bila kuyaelewa ni hatari.

Shule kuwa mali ya taifa

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganishwa makanisa saba. Miaka sita baadaye, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za makanisa chini ya Serikali. Mwaka huo huo wilaya ya Hanang ilitengwa kutoka Mbulu. Wako waliouona uamuzi wa shule kuwa hasara kwa Kanisa. Lakini ni haki kusema kwamba uliondoa ubaguzi wa dini katika kuandikisha watoto, na kwamba Kiswahili, kilichokwisha kuwa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote, kilimfungulia njia mtoto asiyeweza kufika sekondari.

Katika miaka hiyo mpango wa MTUU, yaani Mpango wa Tanzania, UNICEF na UNESCO, ulitumia wakufunzi waliozunguka mashuleni na kuwaelekeza walimu papo hapo darasani. Mwalimu hakusubiri kuitwa chuoni, bali mkufunzi alimfuata. Kwa wilaya zenye umbali mkubwa kama kutoka Katesh hadi Basotu, au kutoka mjini Mbulu hadi Yaeda Chini, utaratibu huo ulifaa kuliko semina ya mjini.

Watu wazima nao hawakuachwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Upimaji wa kitaifa wa Agosti 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika wamepungua hadi asilimia 39, na kufikia mwaka 1986 ilihesabiwa kuwa wamebaki takribani asilimia 10.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule, na uandikishaji wa wote ukaanza mwaka 1977. Walimu walihitajika kwa maelfu. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu kwa miaka mitatu kwa njia ya posta, redio na mafunzo ya ana kwa ana, huku wakifundisha. Zaidi ya 35,000 walifuzu nchini kote. Wengi walijitoa kwa moyo, na bila wao madarasa yangebaki matupu. Hata hivyo, kijana huyo alipewa kumfundisha mtoto wa darasa la sita kusoma habari ndefu, naye mwenyewe alikuwa ametoka darasa la saba juzi.

Pengo la madarasa ya juu

Ada ya shule za msingi ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi kuanza mwaka 2002, mwaka ulioundwa Mkoa wa Manyara, madarasa yalifurika tena. Matokeo yalionekana pale Uwezo ilipofanya upimaji wake wa kwanza nchini mwaka 2010. Ni takribani theluthi moja tu ya watoto wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, na takribani mmoja kati ya watano wa darasa la saba hakuweza.

Serikali ilijibu kwa mkazo wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili ulianza kutumika mwaka 2015, na walimu wa madarasa hayo walipewa mafunzo. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mwalimu wa darasa la tano hadi la saba, ambaye zamani angeitwa wa shule ya kati, hakupewa uzito uleule. Yeye hupokea watoto wanaodhaniwa wanajua kusoma. Akifundisha sayansi au historia, hukuta wanaonakili ubao kwa mwandiko safi bila kuweza kueleza walichonakili. Watoto hao ndio wanaongojewa na Kiingereza cha kidato cha kwanza.

Katika miaka ya 2020 Wizara ilileta Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo huwataka walimu wa shule moja wakutane mara kwa mara na kusaidiana. Huku ni kurudi kwenye hekima ya wakufunzi waliozunguka, kwamba mwalimu hukua mahali anapofanyia kazi. Yanayopaswa kuzungumzwa katika vikao hivyo yanajulikana: kueleza maneno magumu kabla ya kusoma habari, kumtaka mwanafunzi aisimulie habari kwa maneno yake, hata akianza kwa Kiiraqw au Kidatoga, kuuliza kwa nini, badala ya nani na wapi tu, kuandika kila wiki aya isiyonakiliwa, na kumfanya kila mwalimu, awe wa hesabu au wa jiografia, ajihesabu kuwa mwalimu wa kusoma.

Hitimisho

Historia hii inatuachia mafundisho matatu. Idadi ya watoto ilipoongezwa ghafla bila walimu kuandaliwa, kusoma kulidhoofu. Lugha ya nyumbani ilipotumiwa kama daraja, kama wainjilisti walivyofanya, mtoto alivuka. Na mwalimu aliyeachwa peke yake baada ya cheti, hata awe hodari, hupungukiwa.

Shule si mali ya Kanisa tena, lakini watoto ni wa usharika. Jumba la usharika hukaa wazi siku za kazi. Laweza kupokea kikao cha walimu wa kata bila kujali dini zao, na kabati moja la vitabu vya Kiswahili laweza kusimama humo kwa ajili ya watoto wote. Babu zetu walijifunza kusoma ili wakiri imani yao kwa kuielewa. Wajukuu wao wanastahili kukielewa kila kitabu watakachofungua.