Banda la Hispania, Maonyesho ya Paris ya 1937
Banda la Hispania lilijengwa na serikali ya Jamhuri nchi ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa usanifu wa Josep Lluís Sert na Luis Lacasa. Halikuja Paris kunadi bidhaa. Lilikuja kutoa ushahidi. Ndani yake ulitundikwa Guernica, mchoro wa Pablo Picasso wenye upana wa karibu mita 8, kuhusu mji wa Wabaski uliopigwa mabomu na ndege za Ujerumani na Italia Aprili 26 mwaka huohuo. Karibu nao, chemchemi ya Alexander Calder ilitiririsha zebaki badala ya maji, kwa heshima ya Almadén, mji wa migodi ya zebaki.

Wapo watakaosema lilishindwa, maana Uingereza na Ufaransa hazikubadili msimamo wa kutoingilia kati, na Jamhuri ikaanguka 1939. Lakini huko ni kulipima banda kwa mizani ya jeshi. Mabanda makubwa ya Ujerumani na Urusi ya Kisovieti, yaliyotazamana, yalitukuza dola. Hili dogo liliwasemea waliouawa, na ushahidi wake haukufutika. Mchoro ulihifadhiwa New York kwa miaka mingi, ukapelekwa Hispania 1981, dikteta Franco, aliyeishinda Jamhuri, akiwa amekwisha kufa.