Msimbati

Msimbati ni rasi ya mchanga iliyo kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Upande mmoja ipo Bahari ya Hindi, upande mwingine Ghuba ya Mnazi yenye matumbawe, mikoko na visiwa vidogo. Ncha yake huitwa Ruvula. Kusini zaidi Mto Ruvuma humwaga maji yake baharini.

Wakazi wengi ni Wamakonde Waislamu. Pamoja na dini wamedumisha jando na unyago, na ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama. Kazi hufuata maji: wakati wa bamvua miamba inapoachwa wazi, wanawake huchokoa pweza na kuokota chaza, wakati wanaume huvua kwa mitumbwi, nyavu, mishipi na madema. Minazi, mikorosho na mihogo huongezea riziki.

Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kuwa Ruvuma ndio mpaka wa makoloni yao. Hata hivyo, mwaka 1894 Wajerumani waliteka Kionga, kusini mwa mto. Wareno wakaitwaa tena mwaka 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndugu waliokuwa ng'ambo hii na ile wakawa raia wa tawala mbili, ingawa lugha na ukoo vilibaki vilevile. Mwaka 1959 Mwingereza mstaafu, Latham Leslie-Moore, aliyeishi Msimbati, aliitangaza kuwa usultani huru. Hakuna nchi iliyoutambua.

Gesi asilia iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982 na kampuni ya Italia, AGIP. Baadaye ilianza kuzalisha umeme mjini Mtwara. Mpango wa kuisafirisha kwa bomba hadi Dar es Salaam ulizua maandamano na ghasia mkoani humo mwaka 2013, wananchi wakidai manufaa yaanzie kwao. Bomba lilikamilika mwaka 2015, likianzia katika mitambo ya kusafishia gesi ya Madimba.

Tangu mwaka 2000 Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 650. Vijiji vilivyomo havikuhamishwa. Wakazi huendelea kuvua kwa masharti, na uvuvi wa baruti, unaovunja matumbawe wanamozaliana samaki, umepigwa marufuku.